Mashine Rahisi: Jinsi Kani Ndogo Inavyoinua Mzigo Mkubwa

Husemwa mara nyingi, hata madarasani, kwamba mashine huongeza nguvu. Kauli hiyo ni kweli kwa maana moja ya neno nguvu na si kweli hata kidogo kwa maana nyingine, na mkanganyiko unaowasumbua wanafunzi wengi katika mada hii huanzia hapo hapo, kwenye neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku nguvu ni msukumo wa mkono, ni afya ya mwili, ni umeme ulio ndani ya betri, na ni wepesi wa injini kupanda mlima. Sayansi imelazimika kuyatenganisha mambo hayo. Msukumo au mvuto unaoweza kukisogeza kitu huitwa kani, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kitu chenye masi ya kilo moja huvutwa na dunia kwa kani ya takriban nyutoni 10. Kani inapokisogeza kitu, kazi imefanyika, na kiasi cha kazi hiyo hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kipimo cha kazi ni jouli, na uwezo wa kufanya kazi ndio unaoitwa nishati.

Baada ya kuyatenganisha maneno hayo, fumbo hufunguka. Mashine rahisi inaweza kuzidisha kani mara mbili, mara kumi, hata mara mia, lakini haiwezi kuongeza kazi hata kwa jouli moja. Kazi inayotoka kwenye mashine haizidi kazi iliyoingizwa na mtumiaji wake, na kwa kweli hupungua njiani. Kinachofanywa na wenzo, roda, mteremko au parafujo (skrubu) ni kumruhusu mtu atoe kani ndogo kwa umbali mrefu ili mzigo upate kani kubwa kwa umbali mfupi, au kinyume chake pale inapohitajika.

Msomaji anaweza kuuliza, na ni swali la haki, kwamba ikiwa kazi haipungui, mashine inamsaidia nini? Jibu limo katika namna mwili wa binadamu ulivyo. Mtu mwenye masi ya kilo 60 akipanda ngazi hadi kimo cha meta 10 amefanya kazi ya jouli 6,000, na baada ya kupumua kidogo anaweza kupanda tena. Kuinua jiwe la kilo 600 hadi kimo cha meta moja nako ni kazi ya jouli 6,000 zile zile, ila hakuna mtu wa kawaida anayeweza kulinyanyua jiwe hilo hata kwa unene wa karatasi. Mpanda ngazi wetu hakupungukiwa na nishati, maana ametoka kutumia kiasi hicho hicho kwenye ngazi. Alichopungukiwa nacho ni kani ya mara moja. Ni kama mtu mwenye kipato kidogo lakini cha kudumu anayedaiwa fedha nyingi: kulipa kwa mkupuo hawezi, kulipa kwa awamu anaweza. Mashine rahisi huigawa kazi kubwa katika awamu ambazo misuli inazimudu, bila kupunguza deni.

Wenzo ndiyo mashine inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine zote. Wenzo ni mti au chuma kigumu kinachozunguka juu ya nukta moja isiyohama, ambayo ni egemeo. Kani inayotolewa na mtu huitwa jitihada, na kinachoinuliwa au kushindwa huitwa mzigo. (Inafaa kukumbuka kwamba wingi wa wenzo ni nyenzo, neno ambalo Kiswahili cha leo hulitumia kwa kila kinachorahisisha utendaji, kuanzia vifaa hadi fedha, maana yake ya mwanzo ilikuwa hii hii ya mti wa kusukumia mizigo.) Tuchukue mzigo wa nyutoni 300 uliowekwa sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, na mkono unaokandamiza upande wa pili, sentimita 100 kutoka kwenye egemeo hilo. Kanuni ya wenzo husema kwamba kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo lazima ilingane pande zote mbili ili wenzo utulie. Upande wa mzigo tunapata 300 mara 20, yaani 6,000. Ili upande wa mkono nao ufike 6,000, nyutoni 60 zinatosha.

Mzigo wa 300 umeshindwa na jitihada ya 60, na uwiano huo wa mzigo kwa jitihada, ambao hapa ni 5, ndio unaoitwa manufaa ya kimakanika. Sasa tutazame upande wa malipo. Wenzo ukizunguka kidogo, pande zote mbili huzunguka kwa pembe ile ile, lakini ncha iliyo mbali mara tano na egemeo huchora tao refu mara tano. Mzigo ukipanda sentimita 4, mkono umeshuka sentimita 20. Kazi iliyofanyika juu ya mzigo ni nyutoni 300 mara meta 0.04, yaani jouli 12. Kazi ya mkono ni nyutoni 60 mara meta 0.2, nazo ni jouli 12. Uwiano wa umbali unaotembewa na jitihada kwa umbali unaotembewa na mzigo huitwa uwiano wa mwendo, na katika mashine isiyo na msuguano huwa sawa kabisa na manufaa ya kimakanika.

Archimedes, aliyeishi Syracuse katika kisiwa cha Sicily katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliithibitisha kanuni hiyo kwa hoja za kijiometri, na tangu kale husimuliwa kwamba alidai angeweza kuisogeza dunia kama angepata mahali pa kusimama. Dai hilo ni sahihi kihesabu, na kwa maoni yangu hakuna mfano unaofundisha bei ya wenzo kama huo, mradi mtu akubali kuupigia hesabu. Masi ya dunia ni takriban kilo 6 zikifuatwa na sifuri 24. Tukiifikiria kana kwamba ni mzigo unaopaswa kuinuliwa, na mwinuaji awe mtu wa kilo 60 anayetumia uzito wake wote, atahitaji manufaa ya kimakanika ya 1 ikifuatwa na sifuri 23. Ili dunia ipande sentimita moja tu, ncha yake ya wenzo itapaswa kusafiri kilomita 1 ikifuatwa na sifuri 18, mwendo ambao nuru yenyewe, isafirio karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ingeumaliza kwa zaidi ya miaka 100,000. Kwa mwendo wa meta moja kwa sekunde, Archimedes angehitaji zaidi ya miaka trilioni 30, na umri wa ulimwengu wote unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Kani aliipata, umbali ndio ungemshinda.

Vitabu vya shule hugawa nyenzo katika madaraja matatu kwa kutazama kilichopo katikati. Egemeo likiwa katikati tunapata mkasi, mtaimbo na mizani ya mikono miwili. Mzigo ukiwa katikati tunapata toroli la gurudumu moja na kifungulia chupa. Jitihada ikiwa katikati tunapata ufagio na kibanio. Kukariri mgawanyo huo hakumsaidii mtu sana asipotambua kwamba daraja la tatu hufanya biashara ya upande wa pili. Humo mkono hutoa kani kubwa kuliko ile inayofika kwenye mzigo, na manufaa ya kimakanika huwa chini ya 1.

Mfano bora wa daraja hilo tunao mwilini. Msuli wa mbele wa mkono wa juu umejishika kwenye mfupa wa kigasha takriban sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, ambacho ndicho egemeo, ilhali kiganja kiko sentimita 35 hivi kutoka kiwikoni. Mtu akishika mzigo wa kilo 5, yaani nyutoni 50, huku kigasha kikiwa kimelala sawa, msuli hulazimika kuvuta kwa kani ya karibu nyutoni 440, bila kuhesabu uzito wa kigasha chenyewe. Kwa mtazamo wa kuinua mizigo huo ni mpangilio wa hasara. Lakini msuli huo ukijikunja sentimita moja tu, kiganja hupanda karibu sentimita 9, na hupanda kwa kasi iliyo mara tisa ya kasi ya msuli. Kurusha jiwe, kupiga ngumi na kuudaka mpira unaopita kwa kasi vyote vinategemea hasara hiyo ya kani iliyolipwa kwa faida ya mwendo. Mashine yenye manufaa ya kimakanika chini ya 1 haina kasoro. Imeundwa kwa mahitaji mengine.

Baiskeli nayo iko upande huo huo. Tuseme mkono wa pedali una urefu wa sentimita 17, gurudumu la nyuma lina nusukipenyo cha sentimita 34, na mnyororo unaunganisha meno 44 ya mbele na meno 22 ya nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, mguu umetembea kama sentimita 107, na gurudumu, likiwa limezunguka mara mbili, limeipeleka baiskeli mbele sentimita 427 hivi. Umbali umezidishwa mara nne, kwa hiyo mguu ukikandamiza kwa nyutoni 400, barabara husukumwa kwa nyutoni 100 tu. Mwendeshaji akifika mlimani na kubadili giya ili meno ya mbele na ya nyuma yalingane, umbali huzidishwa mara mbili badala ya nne, na kani inayofika barabarani huwa nyutoni 200. Ndiyo maana miguu huzunguka haraka na baiskeli hupanda polepole. Hapa tumekwisha kuingia katika gurudumu na ekseli, mashine ambayo kwa kweli ni wenzo unaoendelea kuzunguka bila kufika mwisho: nusukipenyo cha gurudumu ni mkono mmoja wa wenzo, nusukipenyo cha ekseli ni mkono wa pili, na usukani wa gari pamoja na bisibisi yenye mpini mnene hufuata hesabu hiyo hiyo.

Roda, ambayo wengine huiita kapi, huwapotosha watu kwa sababu roda moja iliyofungwa juu haipunguzi kani hata kidogo. Mzigo wa nyutoni 600 huvutwa kwa nyutoni 600. Faida yake ni kugeuza mwelekeo, kwa maana kuvuta kamba kuelekea chini humruhusu mtu auning'inize uzito wake wote, jambo asiloweza kulifanya anapovuta kuelekea juu. Na kikomo chake ni hapo hapo, kwa sababu mzigo ukiwa mzito kuliko yeye, atakayepanda ni yeye. Mambo hubadilika roda inapofungwa kwenye mzigo na kupanda nao. Kamba moja hupita chini ya roda hiyo, ncha moja imefungwa juu na nyingine iko mkononi, kwa hiyo mzigo unaning'inia kwa vipande viwili vya kamba. Kwa kuwa mkazo wa kamba ni ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho wake, kila kipande hubeba nusu, na mkono huvuta nyutoni 300. Ili mzigo upande meta moja, vipande vyote viwili lazima vifupike kwa meta moja kila kimoja, na kamba inayopita mkononi huwa meta mbili. Vipande vikiwa vinne, jitihada hushuka hadi nyutoni 150 na kamba huwa meta nne. Anayetaka kujua manufaa ya mfumo wowote wa roda wa aina hii, basi ahesabu vipande vya kamba vinavyoubeba mzigo, wala asihesabu roda.

Mafundi hawaongezi roda bila mwisho, na sababu yake ni kwamba kila roda huleta msuguano wake, na roda zinazopanda na mzigo zina uzito ambao nao lazima uinuliwe. Hufika mahali roda moja zaidi hula karibu yote inayoyaleta.

Heron wa Alexandria, mji wa Misri, aliyeishi katika karne ya 1, alizitaja mashine tano: gurudumu na ekseli, wenzo, roda, kabari na parafujo. Kitabu chake cha makanika kilitufikia kikiwa kamili kwa sababu kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Qusta ibn Luqa katika karne ya 9. Mteremko haumo katika orodha hiyo, labda kwa kuwa ubao ulioinamishwa haufanani na mashine. Hauna kinachozunguka wala kinachosogea. Hata hivyo kabari na parafujo ni watoto wa mteremko, kama vile roda na gurudumu zilivyo jamaa za wenzo, na aliyeifafanua kanuni ya mteremko kwa uzuri usiosahaulika ni Simon Stevin, mhandisi na mwanahisabati wa Flanders, mwaka 1586.

Stevin aliwazia kipande cha mbao chenye umbo la pembetatu, kitako chake kikiwa kimelala sawa, na upande mmoja wa mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya upande wa pili. Juu yake akavika mnyororo uliofungwa duara, wenye gololi 14 zilizo sawa kwa uzito na kwa nafasi. Gololi nne hukaa juu ya mteremko mrefu, mbili juu ya ule mfupi na mkali, na nane zilizobaki huning'inia chini. Je, mnyororo utateleza kuelekea upande wowote? Ukiteleza kwa nafasi ya gololi moja, mpangilio utakuwa sawasawa na ulivyokuwa kabla, na sababu iliyouteleza mwanzo itauteleza tena, na tena, bila kukoma. Stevin alikataa kwamba mwendo usio na mwisho unaweza kutoka bure, akahitimisha kwamba mnyororo utatulia. Sehemu inayoning'inia chini huvuta pande zote mbili kwa usawa, hivyo inaweza kukatwa pasipo kubadilisha chochote, na zinabaki gololi nne zilizosimamishwa na mbili. Mteremko ulio mrefu mara mbili unahitaji nusu ya kani kwa uzito ule ule. Hakupima kitu, wala hakuandika fomula. Alitumia imani moja tu, kwamba kazi haitoki bure, na kanuni yote ikajitokeza. Alipendezwa na mchoro huo kiasi cha kuuweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake pamoja na maneno yanayosema kwamba ni ajabu na tena si ajabu.

Kwa hesabu za kawaida, mzigo wa nyutoni 1,000 unaopandishwa kimo cha meta moja kwa ubao wa meta nne unahitaji nyutoni 250, nayo kazi ni jouli 1,000 kwa njia zote mbili. Hiyo ni hali ya ubao usio na msuguano. Tuseme msuguano unapinga kwa nyutoni 100: jitihada sasa ni 350, kazi ya mtu ni jouli 1,400, na kati ya hizo 1,000 tu ndizo zilizoingia kwenye mzigo. Uwiano huo, ambao ni karibu asilimia 71, ndio ufanisi wa mashine. Jouli 400 zilizosalia hazikupotea ulimwenguni. Zimegeuka kuwa joto la ubao na la sehemu ya chini ya mzigo. Tukirudi kwenye mfano wa deni, hii ndiyo riba ya kulipa kwa awamu.

Kabari ni mteremko unaosogezwa badala ya mzigo kusogezwa juu yake. Shoka likiingia kwenye gogo kwa kina cha sentimita 10 huku likilipanua kwa sentimita 2 tu, kani ya kupasua kuelekea pembeni ni kubwa kuliko ile ya kugonga. Parafujo nayo ni mteremko uliozungushiwa nguzo, na yeyote anaweza kulithibitisha hilo kwa kukata karatasi yenye umbo la pembetatu na kuizungusha kwenye kalamu.

Parafujo ndiyo inayotufikisha kwenye jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nalo ni wema wa msuguano. Tuichukue jeki ya gari ya parafujo ambayo kila mzunguko mmoja huinua mzigo milimita 5, na mpini wake una urefu wa sentimita 25. Mkono ukizunguka mara moja umetembea milimita 1,570 hivi, kwa hiyo uwiano wa mwendo ni 314. Kwa mzigo wa nyutoni 6,000, jeki isiyo na msuguano ingedai nyutoni 19 tu. Jeki ya kweli inaweza kuwa na ufanisi wa asilimia 20, na mkono ukalazimika kutoa nyutoni 96. Katika mzunguko mmoja mkono hufanya kazi ya takriban jouli 150, ambapo 30 huingia kwenye gari na 120 huliwa na msuguano. Hasara hiyo inaonekana kubwa mno. Lakini fikiria mkono unapoachia mpini. Gari likitaka kushuka kwa mzunguko mmoja, uzito wake unaweza kutoa jouli 30 tu, ilhali msuguano wa nyuzi za parafujo unadai kiasi kikubwa zaidi ya hapo. Gari haliwezi kuulipa, na jeki hubaki ilipoachwa. Ufanisi ukiwa mkubwa vya kutosha, jeki ya aina hii ingejifungua yenyewe na kuliangusha gari mara mkono unapotoka. Skrubu haichomoki ubaoni kwa sababu hiyo hiyo, na msumari, ambao ni kabari nyembamba, hushikwa kwa msuguano wa mbao zinazoubana. Kwa hiyo fundi huweka mafuta kwenye ekseli ya roda na hayaweki kwenye msumari.

Galileo, katika maandishi yake ya makanika ya kuelekea mwaka 1600, aliwasema wajenzi wa mashine waliodhani kwamba wanaweza kuyadanganya maumbile, akaonyesha kwamba kila kinachopatikana katika kani hulipwa katika umbali na muda. Hoja hiyo inatupa njia ya kuipima mashine yoyote bila hata kuifungua. Chukua kisanduku kilichofungwa, chenye kamba inayotoka upande mmoja na ndoano yenye mzigo upande wa pili, wala usijue kilichomo ndani. Vuta kamba, pima umbali uliosafiri mkono, pima umbali uliopanda mzigo, kisha gawanya. Ikiwa mkono umetembea sentimita 12 na mzigo umepanda sentimita moja, na hakuna injini wala springi iliyofichwa humo, mzigo wa nyutoni 1,200 hautainuliwa kwa jitihada iliyo chini ya nyutoni 100, hata kisanduku hicho kiwe kimejaa roda, meno na parafujo za kila namna.